Dakika ya Mzee Ku

Siku ya mwisho ya mwezi wa saba wa kalenda ya mwandamo, mwezi ambao mlango wa wafu huachwa wazi, saa ya kompyuta katika zahanati ya figo mjini Chiayi ilirudi nyuma dakika moja. Fundi Chuang Su-yun (si Su-ying, kama wengine walivyoandika baadaye) aliiona mwenyewe: saa tano na dakika ishirini na tisa, kisha ishirini na nane, kisha ishirini na tisa tena.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kamili; kwa nusu saa nzima kompyuta ilikuwa ikirudia dakika ile ile.

Mama yake alilala kitanda cha sita. Mashine iliyomsafisha damu ilipaswa kusimama saa tano na nusu. Mashine zote ziliuliza saa kwenye kisanduku kimoja kabatini, na ziliamini kila jibu.

"Fundi, kitufe cha kusimamisha hakisikii," alinong'ona muuguzi Liao Pei-shan. "Inasema muda bado. Presha yake inashuka. Nikikata mirija, damu iliyomo inapotea."

"Juu ya kisanduku umeweka nini?"

"Pakiti ya bisi ya kuituliza mitambo, ya kijani. Wala haijapita tarehe! Mimi si wa kuweka ya njano, ile inayoigomesha."

Su-yun alifungua kabati, na harufu ya majivu ya ubani yaliyolowa ikampiga usoni, na ndani ya mvumo wa feni akasikia mzee akivuta pumzi kwa taabu, akisema pole pole, "Bado... dakika moja tu..."

Liao alishika ukuta. "Mzee Ku Chin-lung! Alifia kitanda hicho cha sita mwaka jana, dakika hiyo hiyo. Leo mlango wao unafungwa, hataki kurudi. Dada, piga magoti umwombe!"

"Nimpigie magoti kwa lipi? Mzee Ku, dakika yako iliisha. Hii ni ya mama yangu."

Alichomoa nyaya zote za kisanduku, na vidole vya baridi vikimtambaa shingoni huku pumzi ile ikimjia sikioni, akaandika kwenye kompyuta bila kugeuka, akiziamuru mashine ziulize saa ya taifa mtandaoni.

Saa ikaruka: saa sita na dakika nne. Mashine ikalia, ikasimama.

"Yun, mbona umepauka hivyo?" mama akauliza. "Umekula?"

Su-yun alirudi kabatini. Pakiti haikuchanika popote, lakini ilikuwa tupu. Kisanduku hakikuwa na waya hata mmoja, na taa yake bado ilipepesa.

"Umekula, Mzee. Basi nakupa dakika yako, nahesabu mwenyewe."

Akavuta kiti, akahesabu kwa sauti. Alipofika sitini, taa ikazimika.