Sauti ya Chini

Duka la vitambaa lilifurika watu, na mikono miwili ikashika jora moja la buluu.

"Dada, niachie. Nashonesha sare za watu watatu," alisema kijana mrefu, shati lake limenyooshwa kwa pasi.

"Watatu ndio nani? Wewe na tumbo lako?" akamuuliza fundi cherehani aliyeshika upande wa pili.

Kijana akacheka kwa sauti nzito, na fundi akajikuta ameliachia jora.

"Sisi ni trio, waimbaji watatu. Mmoja juu, mmoja kati, mimi chini. Akikosekana mmoja, zinabaki kelele."

Basi akawashonea. Kabla sare hazijaisha, fundi na kijana walikuwa wakipigiana simu mpaka mboga inaungua, huyu "besi wangu," huyu "sindano yangu."

Ila macho hayana pazia. Kwenye harusi walikoimba, fundi alimwona mpenzi wake akitazama midomo ya mwimbaji wa kike wa kundi, wimbo baada ya wimbo. Jioni akampigia.

"Unamla kwa macho mbele yangu."

"Mpenzi, ile ni kazi."

"Kazi gani ya kutazama midomo? Chagua, mimi au hiyo trio yako."

"Basi, nimekuchagua wewe."

Akaacha kuimba. Alikuja kukaa kando ya cherehani, mpole kama mgeni. Hata mluzi hakupiga. Fundi akadhani huo ndio utulivu.

Kisha, siku moja kijana hayupo, yule mwimbaji akaja na mumewe kupunguza gauni.

"Wifi, kundi limekufa," alisema. "Alikuwa ananitazama mdomo ajue navuta pumzi lini, tuingie pamoja. Mume wangu huyu ndiye sauti ya kati, naye hunitazama hivyohivyo. Huyu hukumwona?"

Hakumwona. Wivu ulikuwa umemwachia mtu mmoja tu wa kumtazama.

Walipotoka fundi akampigia kijana. "Besi wangu, nisamehe. Rudi ukaimbe."

"Nilikusamehe siku ileile."

"Basi tuanze upya."

"Nikiimba lazima niwatazame wenzangu. Utaweza kukaa pale?"

"Nitajizuia."

"Nami nitakuona unavyojizuia, niogope kuinua macho. Nakupenda, sindano yangu. Lakini siwezi kuimba nimeinama."

Fundi alitaka kuapa kwamba hataona wivu tena. Lakini aliujua moyo wake, na alimwogopa Mungu kuapa uongo.

"Nenda, nimekuachia," akasema. "Wenzako wanakungoja."

"Haya. Kata simu."

"Kata wewe."

Hakuna aliyekata, mpaka salio likaisha.