Chumba cha Sita

Ukikutana na mtu anayejigamba kwamba majini huogopa chuma, usibishane naye. Mpe kiti, mpe kitu cha kunywa, halafu mpe habari za Kilian Dörig wa Appenzell, kwenye milima ya Uswisi, ambaye jini lake lilikaa ndani ya chuma kitupu, chuma safi cha Bern, kilichong'arishwa hata ungeweza kunyoa ndevu kwa kujitazama ubavuni mwake.

Ilianza na kitambaa. Jumamosi alasiri Kilian alikuwa jikoni kwake akisafisha bastola baada ya mazoezi, kama afanyavyo kila mpiga shabaha mwenye adabu. Ilikuwa bastola ya kizamani, ya silinda, yenye vyumba sita vya risasi. Lakini mashindano ya kwao hupigwa risasi tano tano, kwa hiyo chumba kimoja hukaa kitupu mwaka hata mwaka. Akapitisha kitambaa cheupe chumba cha kwanza: masizi kidogo. Cha pili, cha tatu, mpaka cha tano, vivyo hivyo. Cha sita akakipitisha kwa mazoea tu, maana tangu ainunue hakijaingia risasi hata moja. Kitambaa kikatoka cheusi tititi. Tena chumba kilikuwa na joto, joto la mdomo wa mtu, na harufu ya kwato ya farasi inapopigwa chuma cha moto.

Akakisafisha tena, akanawa mikono, akala. Kilian hakuwa mtu wa maneno mengi.

Bastola ile aliinunua miezi michache nyuma kwa mjane wa Bonifaz Fässler, bingwa wa wilaya, aliyekufa kitandani kwake kwa uzee. Chumba kimoja cha silinda kilikuwa na nukta nyekundu kwa nje, na ndani yake ganda la risasi kuukuu limekwama. Sasa, mpiga shabaha yeyote wa kule, hata aliyeanza juzi, anajua kwamba katika vyumba sita hakikosekani kimoja kinachopeleka risasi pembeni. Ukishakigundua unakitia alama, unakiacha kitupu, unapiga kwa vile vitano vizuri. Kilian akaiona nukta, akasema moyoni, hiki ndicho kibovu. Akaling'oa ganda kwa koleo, akalitupa kwenye ndoo ya shaba chakavu ya chama cha wapiga shabaha, likaenda kuyeyushwa na mengine. Kosa hilo asingelifanya mpishi wala padri. Lilitaka mjuzi.

Wiki ya pili tangu siku ya kitambaa, kidole chake cha shahada kikafa ganzi. Wewe na mimi tungekimbilia kwa daktari. Kilian alifurahi. Adui wa mpiga shabaha si upepo wala jua la machoni, ni mwili wake mwenyewe: kidole kinachoshtuka, moyo unaodunda mpaka ncha ya mtutu inacheza ngoma. Kidole chake sasa kilikuwa kama cha sanamu. Alikivuta polepole, mlio ukamkuta hana habari, na risasi ikaingia katikati. Tano kati ya tano.

Franztoni Koller, msimamizi wa uwanja, mtu wa tumbo na kejeli, alikuja kuitazama karatasi ya shabaha kwa karibu, akamuuliza ni nani amemroga.

"Mazoezi," akajibu Kilian.

"Mazoezi gani, bwana? Miaka tisa unapiga kama unafukuza nzi. Leo hata kope hupepesi."

Watu wakacheka. Kilian naye akacheka, kwa kuwa aliona wanacheka.

Ganzi ikapanda. Kiganja, kiwiko, bega. Kazi yake ilikuwa kwenye ghala la jibini, kugonga magurudumu ya jibini kwa kidole na kujua lipi limeiva na lipi lina ufa ndani. Mwezi ule akayapanga mabovu pamoja na mazima, na tajiri wake aliponguruma, Kilian alimtazama kama mtu anayetazama mvua kupitia dirishani.

Halafu likaja lile la sufuria. Ilikuwa mchana, mkewe Walburga anapakua makaroni ya jibini, mtoto wao Mina, mwenye mwaka na nusu, yuko kwenye kiti chake anapiga kijiko. Kilian akaondoa sufuria ya chuma jikoni kwa mkono mtupu, akasimama nayo, akiuliza rojo la tufaha liko wapi.

"Kilian," Walburga akasema taratibu. "Mkono."

"Una nini?"

"Unaungua."

Akautazama kama anatazama mkono wa jirani. Harufu ikajaa jikoni, na haikuwa ya nyama. Ilikuwa ile ya kwato. Mina akaanza kulia, akanyoosha mikono abebwe. Kilian akamwangalia mwanawe, akajua kabisa kwamba hapa baba hutakiwa kusikia kitu kifuani. Alikumbuka hata mahali kitu hicho kilipokuwa kikikaa. Palikuwa kama tundu la msumari ukutani, picha imeshaondolewa.

Mtu akiungua pande zile, kabla ya daktari hupigiwa simu mwombeaji, aombee moto utoke. Walburga akampigia mama Josefa Streule wa kijiji cha Gonten, ajuza wa miaka themanini na sita. Mama Josefa akasikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu, moto huu haulii," akasema. "Moto wa mtu hunililia mpaka huku kwenye simu. Huu umenyamaza. Kimeingia nini kipya humo ndani?"

Walburga akamwambia habari ya bastola.

"Ina nukta nyekundu?"

"Ndiyo, mama."

"Rangi ni yangu, ya kucha. Usicheke, nami nilikuwa msichana."

Akamweleza, kwa sauti ya chini kama anaogopa kusikiwa na waya. Bonifaz aliwahi kupatwa na ganzi hiyohiyo, akiwa kijana, na Josefa ndiye aliyelikamata jini lile, mgeni kama alivyoliita, akamtia katika chumba kimoja cha silinda, akamfungia kwa ganda. Nukta ilikuwa ya kumwambia mtu kwamba chumba hiki kisiachwe kitupu kamwe. Nyumba isiyokaliwa na watu hukaliwa na wasio watu, na Kilian ameng'oa mlango.

Ganda halitafaa tena, akasema, kwa kuwa mguu mmoja wa mgeni uko chumbani na mwingine uko kwa mume. Atoke kwa moto. Chumba cha sita kitiwe risasi nzima, na Kilian mwenyewe, kwa hiari yake, aipige, wakati mgeni amerudi chumbani. Naye harudi mazoezini, hurudi siku ya shindano la kweli, mbele ya watu.

"Akipiga sita watamfuta kwenye shindano," Walburga akasema.

"Wamfute. Lakini harakisheni, binti yangu. Jini likifika moyoni, mumeo hatakataa kupona. Atakosa sababu tu."

Kwa wiki tatu kabla ya shindano la Oktoba, Walburga alimkalisha mumewe mezani kila asubuhi, akamwapisha.

"Utatia sita?"

"Nitatia sita."

"Hata usiposikia kitu?"

"Hata nisiposikia kitu."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa umeniambia."

Siku ikafika, siku ya jua jeupe na baridi kavu, ng'ombe wameshashushwa milimani, na uwanja umejaa watu wanaokula soseji, na Kilian akaingia raundi ya mwisho akiwa mbele ya wote, beji ya taji inamngoja yeye, beji aliyoililia miaka tisa. Walburga alisimama nyuma ya kamba, Mina mkononi. Kilian akafungua kile kilango kidogo cha pembeni mwa silinda, akaanza kutia risasi moja moja, akizungusha, moja, mbili, tatu, na kila alipozungusha alisikia ndani ya vifuniko vya masikio mtu mwingine akivuta pumzi, bila haraka, kama mwenye nyumba anayesikiliza wapangaji wakipita ukumbini, nne, tano, na harufu ya kwato ikampanda puani, na alipofika chumba cha sita kilango kikiwa wazi aliona giza la mle ndani linasogea, linajikunja kumpisha, limetulia kabisa, halina wasiwasi wowote naye, kana kwamba limeshapewa jibu.

Risasi ya sita ilikuwa kiganjani. Ilibidi aitazame ndipo ajue ipo.

Akageuka akamtazama mkewe. Midomo ya Walburga ilikuwa inasema sita, sita. Mina alikuwa amenyoosha mikono. Kilian akangoja kifuani, kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayengoja maji kwenye bomba lililokauka. Akapiga hesabu. Sita, beji inakwenda. Tano, beji inabaki. Upande wa pili wa mizani akatafuta cha kuweka. Alikumbuka kwamba aliapa. Alikumbuka na maneno yenyewe.

Akaisimamisha risasi ya sita juu ya meza, wima, akafunga kilango.

Akapiga tano, na zote zilipita katika tundu moja. Franztoni alikuja mbio na tumbo lake, akamkumbatia, akasema tangu azaliwe hajaona mkono wa namna hiyo, akamtundikia beji mwenyewe. Watu wakashangilia, kengele za ng'ombe zikatikiswa.

Walburga alimngoja mpaka wote walipokwisha kumpa mkono. Hakulia. Alikuwa ameichukua ile risasi mezani, ameifumbata.

"Uliniona?" akamuuliza.

"Nilikuona."

"Na mtoto ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukasikia nini, Kilian?"

Kilian akafikiri vizuri, maana hakuwa mwongo, hata siku ile hakuwa mwongo.

"Makofi," akasema.