Wifi Yake Lenzi

Jumatano, jioni

Mzito alifunga mlango, akavuta pazia, akaweka kamera tatu mezani.

"Kazi yenyewe ni hii," alisema.

Chumba cha nyuma ya duka kilikuwa kidogo, kinanuka spiriti na waya wa kuchomelea. Lenzi alikaa kwenye stuli yake, bisibisi nyuma ya sikio. Duka lilikuwa lake. Alitengeneza kamera za watu mchana, na mambo mengine alifanya pale kaka yake alipomwambia. Mzito alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Wazazi walipokufa walibaki wawili, wakalala chini ya meza za soko, wakagawana mkate wa kuiba, wakakua, wakaanza kuvunja maghala. Breki, dereva wao, alibaki kwenye gari siku zote. Waliokuwa wakiingia ndani ni Mzito na Lenzi. Kila kazi. Miaka yote.

Safari hii kulikuwa na mtu wa nne. Alikalia kiti cha Mzito, na Mzito alisimama nyuma yake, mkono begani mwake. Mke wake. Ndoa yenyewe bado mbichi. Genge zima lilimwita Wifi kwa sababu Lenzi alimwita hivyo. Lenzi alimwita hivyo kwa sababu jina la yule mwanamke halikumpita kooni.

"Waeleze, mke wangu," Mzito alisema kwa sauti laini. Lenzi hakujua kama kaka yake ana sauti hiyo.

Wifi alieleza. Alikuwa fundi mpimaji katika maabara ya vifaa vya mawimbi. Kamera yoyote yenye waifai hairuhusiwi dukani mpaka ipimwe pale. Tajiri mmoja ameleta shehena nzima, imejaa ghala. Sampuli zake tatu zimepimwa, zimefeli.

"Zimefelije?" Breki aliuliza. "Si zinapiga picha?"

"Zinapiga. Lakini ukiichaji inapata moto hadi plastiki inalainika. Na mawimbi yake yamepita kiwango, yanaingilia masafa ya wengine." Wifi alinyoosha mkono. "Nipe simu yako, shemeji."

Aliibonyeza mara kadhaa, akamrudishia. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya Breki mwenyewe, ameachama, iliyopigwa muda mfupi tu uliopita na kamera iliyokuwa mezani.

"Imefikaje huku?"

"Inafungua mtandao wake yenyewe, hata ukidhani umeuzima. Paswedi ni moja mpaka nane, kamera zote, na haibadiliki. Aliye chumba cha pili anavuta chochote ulichopiga. Unampiga picha mwanao anaoga, jirani anaangalia."

Breki aliishika simu kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa jalalani. Kisha akamtazama Lenzi, akacheka.

"Lenzi, wewe na hizi kamera ugonjwa wenu mmoja. Mnasumbuliwa na wifi."

Hakuna aliyecheka naye isipokuwa Wifi mwenyewe. Hilo ndilo lililomuudhi Lenzi zaidi.

Mzito aliendelea. Ijumaa saa nane mchana wakaguzi wa Mamlaka wanakuja kushuhudia kipimo cha mwisho. Zikifeli mbele yao, shehena yote inateketezwa. Tajiri anataka sampuli zibadilishwe kabla hawajafika. Kiwanda kilichotengeneza kamera hizi hutoa bodi nzuri, zile sakiti za ndani, kwa wateja wakali, na bodi mbovu kwa wasiouliza maswali. Tajiri ameleta bodi nzuri tatu, na hizi kamera tatu mezani zimeandikwa namba zilezile za sampuli.

"Unatoa bodi mbovu, unaweka nzuri, unazivunja zile mbovu," alimwambia Lenzi. "Ijumaa mchana tunabadilisha."

"Sawa. Tunaingia kama nani?"

Mzito alijikuna shingo. "Mimi naingia kama fundi wa viyoyozi. Wifi yako yuko ndani tayari. Wewe utakaa na Breki."

"Kwenye gari?"

"Kwenye gari."

"Na skrubu ikilegea huko?"

"Mke wangu anazijua hizi kuliko wewe," alisema Mzito. Hakuwa na nia mbaya. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Jumatano, baada ya chakula

Lenzi na kaka yake walikuwa wamepanga vyumba viwili juu ya duka, ukuta mmoja katikati. Mzito alichukua kamera moja, akasema anataka kuizoea mkononi. Lenzi alijilaza na simu yake. Haukupita muda, mtandao mgeni ukajitokeza kwenye kioo.

Aliutazama. Akaugeuzia kisogo. Akarudi. Moja, mbili, tatu, mpaka nane.

Picha zilianza kushuka. Wifi amevaa koti la Mzito, limemfika magotini. Mzito anapiga mswaki, povu mpaka kidevuni. Halafu kicheko kikapita ukutani, kicheko cha kaka yake, na punde picha yake ikafuata: wawili shavu kwa shavu, wamejipiga wenyewe, meno yote nje. Lenzi aliivuta karibu. Alikuwa amesahau kwamba Mzito ana pengo upande wa kushoto. Hulioni mpaka acheke hivyo.

Alizitazama zote. Kisha akazitazama tena. Kila picha ilimuuma mahali pake, na bado hakuweza kuiweka simu chini. Ya mwisho ilikuwa ya chumba kitupu chenye rangi mpya, Wifi amesimama katikati ameinua ufunguo.

Alhamisi, asubuhi

"Mnahama?" alimuuliza kaka yake, wakifungua duka.

"Nani kakwambia?"

"Nauliza tu."

Mzito aliinua mlango wa bati mpaka juu kabla ya kujibu. "Kazi hii ikiisha. Mwenzangu anataka akae kwake."

"Na mimi?"

"Wewe una duka, Lenzi."

Lenzi aliingia chumba cha nyuma, akajifungia. Kamera ya kwanza ilimchukua dakika chache: skrubu, utepe, bodi mbovu ikatoka, nzuri ikaingia. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ndiyo waliyolala nayo Mzito na Wifi. Aliifungua, akaiona ile bodi ya kijani ndani, na kumbukumbu yake nyeusi pembeni, ndogo kuliko kucha. Zile picha zote zilikuwa humo.

Alikaa nayo mkononi muda mrefu.

Aliwaza hivi. Ijumaa saa nane Mzito atakuwa ameshatoka, yuko kwenye gari. Atakayebaki ndani ni Wifi, mbele ya wakaguzi, kamera imefungua mtandao wake, na sura yake mwenyewe kwenye skrini yao shavu kwa shavu na fundi wa viyoyozi. Atashikwa yeye. Mzito atatafutwa, ndiyo, lakini Mzito alishatafutwa mara ngapi? Watakimbia. Mji mwingine, chumba kimoja, mkate wa kugawana. Wawili tu.

Alifunga kamera bila kugusa bodi.

Halafu akaita, "Breki! Njoo ushuhudie." Akaweka sakafuni bodi mbovu mbili, na ya tatu kutoka kwenye kamera kuukuu ya mteja aliyekufa, akazipiga nyundo mpaka zikawa unga wa kijani.

"Una hasira na nani?" Breki aliuliza.

"Na kazi ya kukaa kwenye gari."

Bodi nzuri ya tatu aliitumbukiza mfukoni.

Ijumaa, saa sita mchana

Maabara ilikuwa jengo la ghorofa mbili, rangi ya maziwa, na lango la chuma. Breki aliegesha ng'ambo ya barabara chini ya tangazo la sabuni. Wifi alikuwa ameshatoa taarifa asubuhi kwamba kiyoyozi kinavuja, na alikuwa amekitoboa mwenyewe. Mzito alivaa ovaroli la buluu, akachukua sanduku la vifaa. Kamera zilikuwa chini, zimefunikwa na matambara.

Aligeuka kwa Lenzi. "Ziko sawa?"

"Ziko sawa."

"Dada yangu," alisema, akampiga kofi jepesi la shavu kama zamani. Akashuka.

Lenzi alimtazama akivuka barabara. Kidogo tu amwite. Mdomo ulifunguka. Wakati huohuo Wifi alitokeza kwenye mlango wa jengo, koti jeupe, kitambulisho kifuani, na Lenzi akaona jinsi mwendo wa kaka yake ulivyobadilika alipomwona. Kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akafunga mdomo.

Sampuli zilifungiwa kwenye chumba cha chuma, chumba ambacho kuta zake zimejaa sifongo zenye ncha na ambamo simu haisemi na nje wala nje haisemi na ndani. Mzito alikuwa amewaeleza: akishaingia humo, hapatikani. Breki alitafuna njiti ya kiberiti. Mlinzi wa lango alikunywa chai. Mtu aliuza magazeti kwenye dirisha la gari lao, wakamfukuza.

Saa saba na nusu

Mzito alitoka na sanduku. Alimsalimia mlinzi, akavuka bila haraka, akaingia kiti cha nyuma. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Kazi imeisha. Twende... hapana, ngoja. Tumsubiri. Kipimo kikipita atatoa kichwa dirishani."

"Si tulisema tunaondoka?" Lenzi alisema.

"Nimesema tunamsubiri."

Gari jeupe la Mamlaka liliingia langoni. Wakashuka watu watatu wenye mafaili. Wifi mwenyewe ndiye aliyewapokea, akawashikia mlango.

"Bosi, tuondoke," Breki alisema.

"Subiri."

Saa nane na robo

Simu ya Mzito ilitetemeka. Alisoma. Akasoma tena, kwa sauti safari hii, kama haamini macho.

"'Picha zetu ziko kwenye skrini yao. Nimekuja chooni kukuandikia. Nenda.'"

Breki aliwasha gari.

"Zima," Mzito alisema. Alimgeukia dada yake. "Picha zipi? Bodi si ulizivunja?"

"Nilizivunja zote. Muulize Breki."

"Kweli, bosi. Kwa nyundo. Niliona kwa macho yangu."

Mzito alimwangalia Lenzi. Lenzi naye alimwangalia, bila kupepesa. Alimjua kaka yake. Alijua kwamba duniani kuna mtu mmoja tu ambaye Mzito hakuwahi kumhesabia vidole baada ya kumpa mkono.

"Basi ni Tajiri," Mzito alisema polepole. "Tajiri katuuza."

"Tajiri, ndiyo. Kaka, twende. Twende sasa hivi. Tunapita kwangu nachukua nguo, tunaondoka mji huu. Kama zamani."

Alikuwa ameshamshika mkono. Mzito aliutoa mkono wake kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayemwachisha mtoto kitu alichoshika.

"Wifi yako yuko ndani, Lenzi."

"Keshashikwa! Utafanya nini?"

"Sijui."

"Mimi je?"

Mzito alishafungua mlango. Alivuka barabara akikimbia, na ovaroli lake la buluu, mtu mzima anakimbia kama anayewahi basi. Mlinzi alikuwa anavuta lango. Mzito alipita upenyoni, akamsukuma, akaanguka, akainuka. Mlangoni walimtoa Wifi, mkaguzi mmoja kila upande. Mzito alimfikia. Hakupiga mtu. Alimshika tu mkewe, akajiweka mbele yake, na rungu la mlinzi likamshukia kichwani, mara ya kwanza, mara ya pili. Damu ikashuka kwenye koti jeupe la Wifi. Hata alipopiga magoti, alikuwa bado ameushika ule mkono.

Lenzi aliona yote. Breki alipokanyaga mafuta, Lenzi alikuwa bado anaangalia nyuma.

Baadaye

Breki alimshusha karibu na soko, hakuaga, hakuonekana tena. Lenzi alisubiri polisi dukani. Siku ya kwanza alikaa amevaa viatu. Hawakuja. Kwenye zile picha hakuwemo, na hakuna aliyemtaja. Shehena iliteketezwa, na Tajiri akatozwa faini. Lenzi aliyasikia hayo redioni, wala hakuacha kufuta lenzi ya mteja.

Siku ya wageni alikwenda gerezani na sabuni na maandazi. Mzito aliletwa upande wa pili wa wavu, bandeji imezunguka kichwa. Kabla ya salamu aliuliza, "Wifi yako hali gani?"

"Mzima," Lenzi alisema. Hakuwa amekwenda kumwona.

"Mpelekee sabuni. Mwambie kichwa kimepona. Usimwambie kuhusu jicho."

"Jicho lina nini?"

"Halioni vizuri. Usimwambie." Akatabasamu, pengo likaonekana. "Mungu akubariki, dada yangu. Nisingekuwa na wewe huko nje, sijui ningefanyaje."

Lenzi akaenda upande wa wanawake. Hakuwa na budi. Wifi alikuja amekonda, nywele zimenyolewa. Alipokea salamu za mumewe kwa kuinamisha kichwa. Lenzi alisukuma sabuni kwenye tundu la wavu, akageuka aondoke.

"Wifi," yule mwanamke aliita.

Lenzi alisimama.

"Mshale wa kipimo ulipopanda tu niliijua ile bodi. Nilishaipima wiki nzima. Kila bodi ina namna yake ya kuvuma." Alisema polepole, askari asisikie. "Na mtandao wa kamera unaandika nani aliingia. Simu yako ilikuwemo, Jumatano, baada ya chakula. Niliifuta kabla mkaguzi hajafika kwenye mstari huo."

Lenzi alishika wavu.

"Kaka anajua?"

"Anadhani ni Tajiri. Mwache adhani hivyo."

"Kwa nini usimwambie?"

Wifi aliigeuza sabuni mkononi, akainusa kidogo.

"Ana dada mmoja," alisema. "Nimwache na nani?"

Kengele ililia. Askari akamgusa bega Wifi, akaondoka naye. Lenzi alibaki amesimama mbele ya wavu, akitafuta chuki yake pale ilipokuwa ikikaa siku zote, mpaka mlinzi akamwambia wageni muda umekwisha, mama, tupishe.