Faili Lililoitwa Nyumbani

Kila jioni, nikishaosha vyombo, kazi yangu ilikuwa kumfuta vumbi Kiongozi. Kiongozi si mtu. Ni kifaa cha kushika mkononi, kinene kama kipande cha sabuni ya kufulia, kinachopokea ishara za setilaiti na kumwonyesha mtu njia. Jina hilo tulikipa sisi wenyewe, maana Mama alikuwa hatoki bila hicho.

Mama ni muuguzi, lakini si wa kukaa zahanati akingoja wagonjwa. Yeye huwafuata wasioweza kutembea huko huko makwao. Mtaa wetu umekua upesi kuliko akili za waliopima barabara: nyumba zimechipuka nyuma ya nyumba, vichochoro havina majina, milango haina namba. Ukimwuliza mtu njia atakwambia, nenda hapo mbele tu, si mbali, na hiyo mbele haina mwisho. Kwa hiyo kila alipopata mgonjwa mpya, Mama alisimama mlangoni pake, akabonyeza kitufe, na mahali pale pakaingia kwenye faili. Faili lilikuwa na nyumba thelathini na moja, naye aliliita Nyumbani.

Mimi niliruhusiwa kufuta vumbi na kubadilisha betri. Mafaili nilikatazwa kuyagusa. Mama alinikataza mara mbili, na mara ya pili alinishika sikio, kwa sababu naitwa Chiriku hapa nyumbani, na anasema mtu wa maneno mengi hana nafasi ya kusikia.

Ijumaa moja Mama aliteleza kwenye ngazi ya mgonjwa, akavunjika kifundo cha mguu, akafungwa plasta. Wiki tatu hatoki. Zahanati ikaahidi kumleta muuguzi mwingine Jumatatu, mgeni kabisa, asiyejua hata kichochoro kimoja. Mama hakuwa na wasiwasi. Alisema mgeni akishafungua lile faili, Kiongozi atamfikisha.

Sasa sikieni ujinga wangu. Shuleni nilikuwa nimejigamba kwamba nyumba yetu inaonekana na setilaiti, na wenzangu wakanicheka. Jumapili mchana, Mama amelala na mguu wake juu ya kigoda, nikamchukua Kiongozi, nikasimama mlangoni petu kama afanyavyo yeye, nikabonyeza. Nikataka pahali petu pawe na faili lake. Kifaa kikaniuliza jina. Nikaandika jina ambalo mtoto yeyote angeliandika: Nyumbani. Kikauliza tena, kwa maandishi mengi kidogo, kwamba faili lenye jina hilo lipo tayari, je, nina hakika nataka kuweka hili mahali pake? Sikuyasoma. Nikabonyeza ndiyo, maana ndiyo ndiyo iliyokuwa karibu na kidole.

Nilipofungua kuangalia, nikakuta nyumba moja tu. Yetu.

Nilipekua mafaili yote, nikazima, nikawasha, nikatoa betri nikarudisha. Nyumba moja. Nikamrudisha Kiongozi kwenye mkoba wake na kufunga zipu taratibu, kana kwamba zipu ingenisemea.

Jioni ile nilikula kimya. Mama akauliza kulikoni leo Chiriku hana habari za mjini. Nikasema tumbo linaniuma. Kumdanganya muuguzi kuhusu tumbo ni kujitafutia balaa: alinipa dawa chungu kijiko kizima, na nikainywa yote, kwa sababu uongo ukishauanza lazima uumeze. Usiku nilijiambia labda kifaa kitajirekebisha chenyewe. Asubuhi muuguzi mgeni alibisha hodi, kijana mpole mwenye viatu vilivyong'arishwa, akamwamkia Mama na kukabidhiwa mkoba. Mama akamwelekeza afungue faili la Nyumbani akishachukua bandeji zahanati. Mimi nilisimama pale pale, na begi langu la shule mgongoni. Nikaaga, nikaenda zangu.

Niliporudi kula chakula cha mchana, nilimkuta kijana yule sebuleni kwetu, viatu vimejaa tope hadi kwenye kamba. Alikuwa akimweleza Mama masaibu yake. Alifungua faili zahanati, akafuata mshale, akapita vichochoro, akaruka mfereji, na mshale ukamleta kwenye mlango wetu. Akadhani amekosea. Akarudi zahanati, akaanza upya, akaletwa kwetu tena. Mara ya tatu alipita njia ya sokoni ili akizunguke kifaa, nacho kikamzungusha na kumleta kwetu vile vile. Siku nyingine ningecheka hadi nianguke. Siku hiyo nilijibanza nyuma ya mlango, begi likiwa bado mgongoni.

Mama hakucheka pia. Alikuwa amekwisha kufungua faili na kuona kilichobaki. Akasema kuna Mzee Redio nyuma ya mashine ya kusaga, mgonjwa wa sukari mwenye kidonda mguuni, anaishi peke yake, hana simu, hajabadilishiwa bandeji tangu Ijumaa. Kidonda cha mwenye sukari hakingoji mtu. Mzee anaweza kukatwa mguu. Kisha akamgeukia kijana, akamwuliza amebonyeza nini.

Kijana akainama, akaviangalia viatu vyake. "Labda ni mimi, Dada," akasema. "Pale kwenye kona ya kwanza nilibonyezabonyeza. Naomba radhi."

Mama akaivuta simu. Alisema hana budi kumjulisha mkuu wa zahanati kwamba muuguzi mpya amefuta kazi ya miaka miwili. Siku ya kwanza kazini! Nilimtazama yule kaka wa watu akiomba radhi kwa kosa ambalo hakulijua hata linafananaje, na nikaona haya kuliko nilivyowahi kuona.

"Mama, usipige," nikasema. "Ni mimi. Niliandika jina lile lile jana, nikabonyeza ndiyo. Tumbo halikuwa linaniuma."

Ningependa Mama angenifokea, lakini hakufoka. Alimwomba kijana msamaha kwanza, tena kwa heshima, kama mtu anayemwomba mkubwa wake. Halafu akasema mengine baadaye, sasa ni Mzee.

Akampigia karani wa zahanati, na kwa bahati karani alikuwa na nakala ya zamani kwenye kompyuta, ya miezi minne nyuma. Nyumba kumi na tisa. Zilizopungua ni kumi na mbili, na ya Mzee Redio ilikuwa mojawapo. Mama akachana karatasi kwenye daftari langu, akachora njia za nyumba zote kumi na mbili, ya Mzee ikiwa ya kwanza: mashine ya kusaga, ukuta uliobomoka, mlango wa bluu. Kisha akamwandikia mwalimu wangu barua, akanipa niisome kabla ya kuipeleka: "Binti yangu hatakuja mchana huu. Amefuta nyumba za watu, anakwenda kuzirudisha." Akaongeza sharti moja. Kila mlango tutakaofika, mimi ndiye nitakayeeleza kwa nini muuguzi amechelewa.

Mimi na kijana tulipotea mara mbili, maana ukuta uliobomoka ulikuwa umejengwa upya. Mwishowe tulisikia taarifa ya habari ikitoka nyuma ya mlango wa bluu. Mzee alikuwa ameketi dirishani, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, bandeji imegeuka rangi. Nilimwamkia, akaitikia, akapunguza sauti ya redio.

"Nilidhani nimesahauliwa," akasema.

Nikamweleza yote, tangu majigambo ya shuleni. Katikati nikalia kidogo, nikamaliza. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe wewe ndiye uliyenifuta," akasema. "Haya, mjukuu wangu, niandike tena. Na safari hii uniandike vizuri."

Nikasimama kizingitini, nikangoja kifaa kizipate setilaiti zake, nikabonyeza, na kila swali kiliponiuliza nililisoma neno kwa neno. Ndani, kijana alikuwa akiosha kidonda. Alisema kimeanza kuchimba lakini tumekiwahi. Hadi jioni tulikuwa tumerudisha nyumba saba, na Jumanne baada ya shule tukamaliza tano zilizobaki. Kijana akapeleka faili zima kwa karani, likanakiliwa siku hiyo hiyo.

Jumanne jioni ndipo Mama aliponiita niketi karibu naye. Alianza na kosa lake mwenyewe, na sikulitarajia hilo. Alisema aliipa kazi ya watu wengi jina ambalo kila mtu hulitumia kwa mahali pake, tena akakaa miezi minne bila kuweka nakala. Akaliita faili upya: Nyumba za Wagonjwa.

"Kosa lako la kwanza lilikuwa la kidole," akasema, "na vidole hukosea, hata vyangu. Ungeniambia Jumapili, mgeni angemkuta Mzee asubuhi kwa ramani yangu. Kosa la pili ndilo baya. Ulimwona mtu akienda kupotea, ukaaga ukaenda zako, na bado kidogo abebe mzigo wako. Kosa ni kidonda, mwanangu. Kionyeshe kikiwa kibichi kitibiwe, usikifunike mpaka kioze. Wewe una maneno ya kutosha mtaa mzima. Lakini mdomo unaosema kila kitu isipokuwa kosa lake, bado haujasema kitu."