Nitoe na Mimi

Mama Picha hakuinua uso alipoisikia ile sauti. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na kibanda chake kilijaa watu: huyu anataka paspoti, yule ana picha za harusi kwenye simu, mwingine hajui hata picha yake ameihifadhi wapi na lawama zote anamtupia yeye. Ndipo mtu akasema taratibu kutoka kwenye benchi, "Nitoe na mimi."

Wateja wengi husema hivyo hivyo, nitoe, kana kwamba wako ndani ya simu.

"Subiri zamu yako," akajibu huku anakata paspoti. "Nitakutoa."

Alipogeuka, benchi lilikuwa tupu. Wateja wote walikuwa wamesimama upande wa pili. Akasema moyoni kwamba ni uchovu tu, maana uchovu alikuwa nao wa kutosha. Tangu alipomzika mama yake hakuwa amepumzika siku nzima hata moja. Kesho yake tu alifungua duka, kwa kuwa watu walikuwa wanasubiri picha zao.

Na mama mwenyewe hakuwa na picha ya karatasi. Iliyobaki ilikuwa moja, ndani ya simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka: amekaa kwenye kiti chake cha kamba, mtandio wa kijani begani, anacheka. Simu ile haikuweza tena kumtumia mtu kitu. Labda ichomekwe waya kwenye printa. Mama Picha aliutolea mtaa mzima picha, lakini mama yake alipoomba ya kwake, yeye alimjibu kesho. Na kila alipoiwasha, simu ilichelewa kuwaka kuliko jana.

Siku chache baadaye bibi harusi alirudi na picha yake mkononi, amenuna.

"Huyu nani nyuma yangu?"

Lilikuwa bega. Kwenye simu halikuwepo. Kwenye karatasi lipo. Akaitoa picha upya, na safari hii likaja bega pamoja na shingo. Kwa mteja aliyefuata akatokea mtu mzima mzima, amewapa mgongo, na kila picha iliyotoka mgongo ule ulikuwa umegeuka kidogo zaidi. Kibanda kikaanza kunuka nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi. Benchi likawa linalia bila kukaliwa, na wateja wakatafuta pengine.

Jirani yake, fundi cherehani, akamleta mjomba wake, mganga, mzee mwembamba aliyeonekana kuchoka kuliko wagonjwa wake.

"Alipokuita ulimjibu?" mganga akauliza kwa sauti ya chini.

"Nilimjibu, mzee. Nilisema nitamtoa."

"Kwa kazi yenu, kutoa ndiyo nini?"

"Kutoa picha. Karatasi inaingia nyeupe, inatoka na mtu."

Mganga akashusha pumzi ndefu. "Basi umeniweka pabaya. Kwetu kutoa ni kufukuza. Tangu ujana wangu nafanya kazi kwa neno hilo moja, toka. Nikilisema humu ndani, unajua atatokea wapi?"

Wote watatu wakaigeukia printa. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka na kuzima, na hakuna aliyekuwa ameigusa.

Mganga akauchukua mkoba wake bila kuufungua. "Wewe uliyeahidi ndiye wa kukataa. Atakuja tena kukuomba, na atakuja kwa sauti unayoipenda. Mwambie, sikutoi. Ukishindwa, mwanangu, usinitafute."

Akaja jua likiwa la utosi, mtaa umetulia, cherehani ya jirani imenyamaza. Simu kuukuu ikawaka yenyewe juu ya meza.

"Nitoe, mwanangu." Ilikuwa sauti ya mama yake, pamoja na kile kikohozi chake kidogo. "Giza la humu limenichosha. Wenzangu wote umewatoa."

Neno lilikuwa ulimini: sikutoi. Alijua fika anayesema ni nani, kwa sababu ile harufu ya sanduku ilikuwa imejaa mpaka kooni na benchi lilikuwa limelia nyuma yake, lakini mtu atamwambiaje mama yake hivyo, hata kama si mama yake, na simu ndiyo hiyo, pengine haitawaka tena, na yeye kwa mwaka mzima amemwambia kesho, kesho, kesho? Machozi yakamtoka. Akachomeka waya.

Printa yake hupitisha karatasi mara tatu, kila mara rangi moja. Karatasi ikachungulia kwanza na njano, na mama alikuwepo, kiti, mtandio, kicheko, na Mama Picha akacheka naye. Ikarudi ndani, ikaja na nyekundu, na mama alikuwa amefifia, na nyuma ya kiti yule mtu alikuwa karibu amegeuka kabisa, hata Mama Picha akaishika karatasi kwa mikono miwili na kuivuta, lakini mashine ikamshinda nguvu, ikaimeza, ikakoroma, ikaitoa na bluu.

Pichani kiti kilikuwa kitupu, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Simu ilikuwa imezima.

Benchi likalia kama linavyolia akikaa mtu mzito. Pembeni mwa jicho lake aliona mtandio wa kijani.

"Umechoka, mwanangu," sauti ikasema. "Njoo ukae."

Enzi za uhai wake mama alimwambia maneno hayo kila jioni, naye kila jioni alijibu kesho. Alijua hatakiwi kugeuka. Lakini alikuwa amechoka, amechoka kwelikweli, akaenda akakaa.