Nywele Kwenye Kigurudumu

Jumamosi hiyo nilikuwa uani kwa kaka yangu Mayala, mtaa wa Nyahanga, mimi na wifi yangu Melania, tunachambua mchele na kumsengenya mumewe. Ukiolewa na fundi, nilimwambia, utalala na harufu ya grisi mpaka uzeeke. Alicheka. Nampenda wifi huyu kuliko baadhi ya ndugu zangu wa damu.

Mayala alikuwa kazini kwenye ghala la mpunga la Maganga, akitengeneza foklifti ya umeme. Mashine hiyo ina vigurudumu vidogo chini ya vyuma viwili vinavyobeba mzigo. Kigurudumu kizuri hukaa hata mwaka. Vya Maganga vilikuwa havimalizi mwezi, maana nyuzi za viroba zilijiviringisha kwenye ekseli na kuua beringi. Hilo ni jambo la kawaida, fundi huchukua wembe akakata. Lakini mara ya mwisho, katikati ya nyuzi, Mayala alikuta nywele ndefu za kusuka, na ghalani hakuna mwanamke.

Angezitupa palepale. Lakini sisi tumelelewa kwamba nywele za mtu hazitupwi ovyo, mchawi asije akaziokota. Akazitia mfukoni mwa ovaroli ili akazifukie nyumbani, akasahau. Melania ndiye aliyezitoa wakati wa kufua, kwa mikono yake, akanitania kwamba sasa amemjua mke mwenza.

Basi tulikuwa tunachambua mchele.

"Wifi," akasema, "mbona unanivuta nywele?"

Mikono yangu yote ilikuwa kwenye ungo.

Nikamtazama. Alikuwa amesuka kwa uzi mwekundu siku mbili nyuma, na mabutu ya kisogoni yalikuwa yamenyooka kwenda nyuma, upande wa ghala. Upepo haukuwepo. Yalikaza. Shingo ikapinda.

"Mayu wane!" alilia kumwita mama yake, akaanguka kutoka kwenye kigoda.

Alianza kuburutwa. Nikamdaka miguu. Kwa mkono mmoja nikampigia Mayala, nikaweka simu chini, sauti juu.

"Mayala, mkeo anavutwa! Simwoni anayemvuta!"

Alijibu kwa kunong'ona. "Dada, mashine iko juu ya jeki. Plagi ya betri nimechomoa. Kigurudumu kinazunguka."

"Kizuie!"

"Kinanishinda. Kuna nywele zinaingia. Zina uzi mwekundu."

Visigino vya Melania vilikuwa vinakwangua mikononi mwangu. Ukuta ulikuwa karibu. Hakulia tena, alikuwa anakoroma.

"Kata!"

"Dada, sijui nitakata nini."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Na mimi sikujua.

"Kata, Mayala! Anakufa!"

Nikasikia wembe. Mara moja tu.

Melania akaniangukia mapajani. Mabutu ya kisogoni hayakuwepo. Damu haikutoka hata tone. Macho yalikuwa wazi, na alikuwa anapumua. Hajasema neno tangu siku hiyo. Hospitali wamempima, kanisani wameombea, na mganga naye amekula mbuzi wetu bure.

Maganga aliiuza mashine wiki ileile. Ilichukuliwa na lori lililoelekea Geita. Tukimuuliza Maganga mnunuzi ni nani, anatufungia geti.

Kila asubuhi mto wa Melania una doa jeusi mahali pa kisogo. Ni grisi. Nafua, namwosha kichwa, nalala naye chumba kimoja nikilinda. Asubuhi grisi ipo tena.

Leo Mayala aliigusa grisi hiyo kwa kidole, kama anavyogusa beringi kupima joto. Akaurudisha mkono haraka.

"Ni ya moto," alinong'ona. "Huko iliko, mashine inafanya kazi."

Akabeba spana zake, akaenda stendi kutafuta gari la Geita. Mimi nimekaa kitandani, nimemshika Melania miguu. Sithubutu kuiachia.