Njaa ya Getruda

Basi la Bukoba lilikuwa linashusha mizigo stendi ya Nyegezi. Getruda alipokamata begi jeusi, mwanaume mmoja mrefu naye akalikamata, wakavutana kidogo mbele za watu. Zipu ilipofunguliwa vikatokea vitenge vya Getruda, na yule mwanaume, Chenge, mwalimu wa shule moja ya Mkolani, akaomba radhi mpaka makondakta wakacheka. Getruda alikuwa amevaa gauni la manjano aliloshona mwenyewe dukani kwake Mabatini, limemkaa vizuri na unene wake wote. Chenge alimtazama kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Simu zikaanza. Chenge akamwita Getu, naye Getruda akamwita Ticha. Jioni walikaa kando ya ziwa wakila sato wa kukaanga, wakitaniana nani amemwachia mwenzake miiba.

Kisha magoti ya Getruda yakaanza kuuma. Kwa mapenzi kabisa, Chenge akampangia chakula na mazoezi ili apunguze uzito. Getruda akafuata yote, akapungua mpaka ikabidi magauni yabanwe. Ndipo njaa ilipomvamia. Haikuwa njaa ya kuchelewa kula. Ililala naye, ikaamka naye, ikamwita hata anaponawa mikono baada ya chakula. Akaongeza matonge machache tu, na unene ukarudi. Chenge alishindwa kuelewa.

"Getu, niambie ukweli. Huwa unakula nikishaondoka?"

Tangu siku hiyo Getruda aliacha kupokea simu za Chenge.

Maumivu yalipozidi akaenda hospitali. Daktari aliyempokea, Hiral, alimweleza kwamba mafuta ya mwilini si mzigo uliokaa tu, yanatengeneza homoni. Mojawapo, leptini, huujulisha ubongo kwamba akiba ipo ya kutosha. Mafuta yakizidi, homoni hiyo hujaa kwenye damu lakini ubongo hauisikii tena. Mtu akipungua, homoni hiyo inashuka, na ubongo unadhani anakufa njaa. Tena mafuta hayohayo hutoa kemikali zinazouchoma mwili polepole kwa ndani, hata kwenye magoti.

"Kwa hiyo si uroho wangu, daktari?"

"Si uroho, dada. Tutakusaidia, ila sina dawa ya kuimaliza njaa hiyo moja kwa moja."

Getruda alilia kwenye benchi la nje. Alikuwa ameondolewa lawama, na pamoja nayo ile imani kwamba akijitahidi zaidi atashinda. Akampigia Chenge.

Alikuja na vumbi la chaki kwenye shati, akasikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa.

"Nisamehe. Nilikuona mwongo."

"Na nikibaki hivi, Ticha? Nikizidi?"

Chenge alijipangusa chaki shatini. "Sijui nitafanya nini. Sina la kufanya, Getu. Ila sitakuuliza tena umekula nini. Na ukiniruhusu, nataka nije kwenu nijitambulishe."

Getruda alingoja maneno makubwa kuliko hayo, hayakuja. Akamwambia aje Jumapili.

Mama yake, Bernadeta, alipika wali na kuku, watu wakala wakashiba. Getruda alimaliza sahani yake akiwa na njaa ileile. Chenge aliiona usoni mwake, akasogeza kiti chake karibu naye.